Einstein na mshipa uliofungwa kwa karatasi

Ile picha ya mzee mwenye nywele timtim akitoa ulimi nje unaijua. Iko kwenye tisheti za mtumba, iko ukutani kwa kinyozi wa mtaani kwetu, na kuna matatu moja niliyokuwa nikipanda kwenda chuo (kabla sijaachana na chuo, hiyo ni stori ya siku nyingine) iliyochorwa uso huo mlango mzima wa nyuma. Picha yenyewe ilipigwa tarehe 14 Machi 1951, siku Albert Einstein alipotimiza miaka 72. Alikuwa anatoka kwenye sherehe, amechoka, na wapigapicha hawakutaka kumwachilia aende zake nyumbani.

Kitu ambacho picha haionyeshi ni kwamba chini ya lile koti, ndani ya tumbo, mshipa mkubwa kuliko yote mwilini mwake ulikuwa umefura ukawa kama balungi, na ulikuwa umezungushiwa selofeni. Ndiyo, selofeni. Ile karatasi inayong'aa ya kufungia peremende na maua. Daktari alikuwa ameiweka humo miaka miwili na kidogo kabla ya hapo.

Tumezoea kusimuliwa Einstein kwa kichwa chake. Mimi leo nataka kumsimulia kwa tumbo lake. Nina sababu, nitaifikia.

Alizaliwa Ulm, kusini mwa Ujerumani, tarehe 14 Machi 1879, akakulia Munich ambako baba yake Hermann na ami yake walikuwa na kampuni ya vifaa vya umeme. Kampuni ikaanguka, familia ikahamia Italia, kijana akaachwa nyuma amalize shule. Hakumaliza. Mwishoni mwa 1894, akiwa na miaka 15, alipata barua ya daktari wa familia iliyosema kwamba neva zake zimechoka, akaitumia kujitoa shuleni, akapanda treni kuwafuata wazazi. Mwaka uliofuata alijaribu kuingia chuo cha ufundi cha Zurich. Hesabu na fizikia alifanya vizuri sana, lakini masomo mengine yakamwangusha. Ikabidi arudi shule kwanza, mjini Aarau kule Uswisi, ndipo akaingia chuo mwaka 1896. Siyasemi haya kujitetea. Sawa, kidogo najitetea. Lakini naomba tuache kusambaza ile stori kwamba alikuwa bure kwa hesabu, hajawahi kuwa.

Alipomaliza chuo mwaka 1900 alitarmaki kama msee yeyote wa Nairobi mwenye karatasi zake kwenye bahasha ya kaki. Maprofesa hawakumtaka. Mwaka 1902 rafiki alimsaidia akapata kazi ya karani wa kukagua uvumbuzi mjini Bern, na akiwa kwenye hiyo kazi, mwaka 1905, aliandika makala zilizobadilisha fizikia nzima. Hapo sitakaa sana, vitabu vimejaa. Tuzo ya Nobel ya 1921 alipewa kwa kazi yake kuhusu mwanga unavyong'oa elektroni kwenye chuma, si kwa ile nadharia ya uhusiano iliyompa jina.

Turudi tumboni.

Mwili wake ulianza kumsumbua mapema. Mwaka 1917, Berlin, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alianguka vibaya: tumbo, ini, vidonda vya tumbo. Chakula mjini kilikuwa adimu na yeye mwenyewe alikuwa anaishi kibachela, ndoa yake na Mileva imeshavunjika, anakula anapokumbuka. Kwa miezi michache tu alipoteza zaidi ya kilo 20. Aliyemwokoa ni binamu yake Elsa, aliyemhamishia karibu na kwake na kumpikia chakula cha mgonjwa, na mwaka 1919 wakaoana. Halafu mwaka 1928 akazimia tena akiwa Uswisi, baada ya kubeba sanduku zito kwenye mlima wenye theluji. Safari hii madaktari walisema moyo umepanuka. Akalazwa kwa miezi, akakatazwa chumvi, na kwa kuwa hangeweza kufanya kazi peke yake akaajiri katibu, Helen Dukas, ambaye alibaki naye hadi mwisho.

Na kiko. Usisahau kiko. Picha zake nyingi ana kiko mdomoni au mkononi. Madaktari walimkataza, Elsa akamkataza, yeye akaendelea kutafuta njia za panya. Leo tunajua kwamba tumbaku ndiyo adui nambari moja wa ule mshipa ninaotaka kuuzungumzia, lakini enzi hizo hata madaktari wenyewe walikuwa wakivuta.

Sasa, huo mshipa. Unaitwa aota. Unatoka moyoni, unapinda kifuani, unashuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na kitovu, kisha unagawanyika kwenda miguuni. Tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Ukuta wake una utando unaonyumbuka, lakini umri, moshi na presha ya damu vinaweza kuudhoofisha sehemu moja, na sehemu hiyo ikaanza kufura. Umewahi kuona tairi ya baiskeli iliyochanika ubavuni, tyubu ikachomoza kama nundu? Ni hivyo hivyo. Kila mpigo wa moyo unasukuma nundu kidogo. Na kadiri inavyopanuka ndivyo ukuta unavyobeba mzigo zaidi, kwa hivyo ikishakuwa kubwa haina nia ya kurudi. Kitu kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi haiumi. Unaweza kuishi nayo miaka bila kujua, mpaka siku ipasuke, na ikipasuka damu inamwagika ndani na wengi hawafiki hospitalini.

Ya Einstein ilikuwa inauma. Miaka ya 1940, akiwa Princeton, Marekani, alikuwa akipata maumivu makali ya tumbo la juu, mara kadhaa kwa mwaka, yanakaa siku mbili tatu, anatapika, yanaondoka. Watu walidhani ni nyongo au vidonda vyake vya zamani. Mwishowe daktari mmoja alipompapasa tumbo alihisi kitu kinachodunda mle ndani.

Aliyeitwa kumpasua ni Rudolf Nissen, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu watu hawa wawili walifika kwenye chumba kimoja cha upasuaji kwa njia moja. Nissen alizaliwa 1896, mtoto wa daktari wa upasuaji. Alipigana upande wa Ujerumani kwenye Vita vya Kwanza, akapigwa risasi ya mapafu. Baadaye akawa daktari wa kutegemewa Berlin, na mwaka 1931 alitoa pafu zima la mgonjwa na mgonjwa akaishi, jambo lililokuwa karibu halijasikika. Mwaka 1933 Hitler akashika serikali. Nissen alikuwa Myahudi, kwa hivyo risasi aliyopigwa akiitetea nchi haikuhesabiwa tena. Alienda Istanbul, akaongoza idara ya upasuaji ya chuo kikuu huko, kisha mwaka 1939 akafika Marekani na kulazimika kuanza karibu upya. Einstein naye alikuwa ametoka Ujerumani Desemba 1932, na Hitler aliposhika usukani hakurudi tena. Mali yake ikachukuliwa na wenye nchi. Kwa hivyo ikawa kwamba tumbo la mwanasayansi maarufu kuliko wote duniani lilifunguliwa na mkimbizi mwenzake, kwenye Hospitali ya Kiyahudi ya Brooklyn, New York, Desemba 1948. Sijui kama Ujerumani ya wakati ule iliwahi kupiga hesabu ya hasara yake.

Nissen alipofungua alikuta nyongo iko sawa kabisa. Tatizo lilikuwa nyuma yake: aota imefura ukubwa wa balungi.

Angefanya nini? Hebu jiweke pale. Ni 1948. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukata kipande kama hicho cha aota ya tumboni na kuweka kingine mahali pake. Huwezi kuutoa tu, maana miguu yote inategemea damu inayopita humo. Kuna waliojaribu kuufunga kwa uzi juu ya uvimbe, na wagonjwa wengi walikufa. Rudolph Matas wa New Orleans alifanikiwa mwaka 1923 na dunia nzima ya madaktari ikashangaa. Wengine walisukuma waya mwembamba ndani ya uvimbe ili damu igande humo. Na kulikuwa na njia ya tatu, ya ajabu kuliko zote: selofeni. Watafiti walikuwa wamegundua kwa wanyama kwamba ukiifunga selofeni juu ya kiungo, mwili unaichukia. Unaanza kutengeneza kovu nene kukizunguka. Sasa, kwa figo hilo ni balaa, lakini kwa mshipa unaotaka kupasuka, kovu nene ndilo hasa unalolitaka.

Basi Nissen akaifunga. Hakuweza kuzunguka wote, aliifunika sehemu ya mbele aliyoweza kuifikia, akafunga tumbo, akasubiri mwili wa mzee ufanye kazi iliyobaki. Yaani tiba yenyewe ilikuwa kuukasirisha mwili makusudi. Kila nikiifikiria nacheka, halafu nanyamaza.

Januari 1949 Einstein alitoka hospitalini, akaenda Florida kupata nguvu, na akarudi Princeton, nyumba nambari 112 ya Mercer Street.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kulala. Aliendelea kutafuta hesabu moja ya kuunganisha nguvu za mvutano na za sumaku na umeme, kazi ambayo wanafizikia vijana wa wakati huo walikuwa wameshaiacha na walimwona mzee wa watu anapoteza muda. Alisema wazi dhidi ya silaha za nyuklia, jambo lililomkaa moyoni tangu alipotia sahihi ile barua ya 1939 kwa Rais Roosevelt kuonya kwamba Ujerumani inaweza kutengeneza bomu. Mwaka 1952, Rais wa Israeli Chaim Weizmann alipofariki, aliombwa achukue kiti hicho akakataa. Dada yake Maja, aliyekuwa akiishi naye na aliyepigwa na kiharusi mwaka 1946, alikuwa akisomewa na kaka yake vitabu kila jioni hadi alipofariki mwaka 1951. Hiyo ya dada ndiyo ninayoipenda kuliko yote, na nyumba nzima ilijua kwamba msomaji naye ana kitu tumboni.

Alijua pia kwamba uvimbe umeanza kukua tena. Mwezi Machi 1950 aliandika wosia. Fidla yake akampa mjukuu wake Bernhard. Picha ya ulimi ikapigwa mwaka mmoja baadaye.

Na huku yeye akiishi na selofeni yake, madaktari walikuwa wanakimbia mbio. Machi 1951, mwezi ule ule wa picha, Charles Dubost wa Paris alikata uvimbe kama wa Einstein na kuweka mahali pake mshipa uliotoka kwa maiti. Mgonjwa akaishi. Lakini mishipa ya maiti haikudumu vizuri, tena haikupatikana kirahisi, kwa hivyo watu wakaanza kufikiria kitambaa. Huko Houston, Michael DeBakey alienda dukani kununua nailoni, akaambiwa imeisha, akauziwa kitambaa kipya cha Dacron, akarudi nyumbani akakalia cherehani ya mke wake na kushona mirija ya damu. Nimeisoma mara tatu nikiona kama utani. Mama yake alikuwa amemfundisha kushona akiwa mtoto, na hadi leo mirija mingi wanayowekewa wagonjwa imetengenezwa kwa nyuzi za aina hiyo hiyo. Tangu miaka ya 1990 kuna hata njia ya kuingiza mrija uliokunjwa kupitia mshipa wa kinena, unapandishwa hadi kwenye uvimbe na kufunguliwa kama mwavuli, bila kupasua tumbo. Juan Parodi wa Buenos Aires ndiye aliyeifanya mwaka 1990 na kuipeleka duniani.

Kwa hivyo ifikapo 1955, upasuaji wa kweli ulikuwepo. Mpya, wa hatari, lakini ulikuwepo.

Machi 1955 Michele Besso alifariki, rafiki aliyetembea naye mitaa ya Bern wakijadili muda na nafasi. Tarehe 11 Aprili Einstein alitia sahihi tamko la Bertrand Russell la kupinga vita vya nyuklia. Kesho yake maumivu yakaanza. Tarehe 13 alianguka nyumbani. Alikuwa anaandaa hotuba ya maadhimisho ya uhuru wa Israeli, na haikumalizika. Madaktari waliokuja walielewa haraka: uvimbe unavuja. Maumivu yenyewe yalifanana tena na ya nyongo, kiasi kwamba wako madaktari wanaoliita hilo dalili ya Einstein, mshipa uliopasuka ukijifanya nyongo.

Frank Glenn, daktari mkubwa wa upasuaji kutoka New York, aliletwa Princeton. Alishauri wapasue. Einstein akakataa.

Nimekaa na hilo neno wiki mbili. Alikataa. Alieleza kwamba hapendi maisha yarefushwe kwa mitambo, kwamba amefanya sehemu yake na wakati wa kwenda umefika, na anataka kwenda kwa heshima. Alikataa pia kuchomwa dawa kali ya maumivu mwanzoni. Tarehe 15 alikubali kupelekwa hospitali, na nionavyo mimi alikubali zaidi kumpunguzia Helen Dukas mzigo. Binti wa Elsa, Margot, alikuwa amelazwa hospitali hiyo hiyo, akaletwa kwa kiti cha magurudumu kumwona. Mwanawe Hans Albert, profesa wa uhandisi wa maji Berkeley, alisafiri kutoka California. Baba na mwana hawa hawakuwa na uhusiano mwepesi, walikuwa wamekosana miaka na miaka. Sasa wakaongea sayansi. Hans Albert alikuwa bado anatumaini kwamba kesho au keshokutwa mzee atabadili mawazo kuhusu kisu.

Jumapili Einstein alijihisi nafuu. Aliomba miwani, karatasi na kalamu, akaendelea na hesabu zake. Usiku huo, saa saba na robo kuelekea alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1955, alitamka maneno machache kwa Kijerumani. Muuguzi aliyekuwa zamu hakujua Kijerumani. Hapo ndipo yalipoishia. Alikuwa na miaka 76, na ile karatasi ilikuwa imemshikilia miaka sita na miezi kadhaa.

Kuna watu husema alijiua kwa ukaidi. Sikubaliani. Upasuaji ule mwaka 1955, kwa mtu wa miaka 76 ambaye tayari anavuja damu, haukuwa ahadi ya kitu. Lakini pia sikubaliani na wanaomfanya kama mtakatifu wa kukataa hospitali. Mwaka 1948 alikubali kisu. Alilala juu ya meza, akafunguliwa, akafungwa karatasi, akapata miaka sita zaidi, na muda wa kumsomea dada yake vitabu hadi dada alipofariki. Mtu huyo huyo alisema ndiyo mara moja na hapana mara moja.

Kilichonikera ni kilichofuata. Daktari aliyeupasua mwili kutafuta sababu ya kifo, Thomas Harvey, alithibitisha kwamba mshipa ulipasuka. Kisha akatoa ubongo akauweka kwenye chupa bila kumwomba mtu ruhusa, na familia ikaridhia baadaye wakati mambo yameshafanyika. Mwili ulichomwa siku ile ile huko Trenton na majivu yakamwagwa mahali pasipotangazwa, kama marehemu alivyotaka, ili pasiwe na kaburi la kuhijiwa. Ubongo ulikatwa vipande, ukazunguka Marekani na Harvey miaka mingi. Dunia nzima ikakodoa macho kichwani tena. Mshipa uliomuua nani anaukumbuka?

Sababu yangu ni hii. Babu yangu aliendesha lori miaka 30, na miaka yote 30 sigara ilikuwa kwenye vidole. Mwezi uliopita alienda kupimwa kibofu, aliyekuwa akimpiga picha ya ultrasaundi akanyamaza, akasogeza kile kifaa juu kidogo, akaita mwenzake. Sentimita 5.8. Kwa wanaume madaktari wengi huanza kuzungumzia upasuaji ikifika 5.5. Hakuwa na maumivu hata kidogo, na picha yenyewe ilichukua dakika chache. Huko Uingereza kila mwanaume hualikwa kupigwa picha hiyo akifikisha miaka 65. Kama una mzee wa umri huo aliyevuta sigara, ulizia bei ya ultrasaundi ya tumbo kwenye kituo cha karibu nawe.

Babu hajaamua. Shangazi anataka apasuliwe kesho, baba anaogopa, mimi ndiye niliyeambiwa nisome kwa sababu nina bando. Jumapili nilimkalisha nje, chini ya mwembe, nikamsimulia haya yote mwanzo hadi mwisho: balungi, selofeni, cherehani, miwani na karatasi. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kama huyo mzee aliwahi kuacha kiko. Nikamwambia hapana. Akaguna, akatoa pakiti mfukoni, akaitazama, akairudisha bila kuifungua. Miadi yake na daktari ni Alhamisi saa tatu asubuhi.